Mlango Ulioimba Besi

Krismasi iliyopita mjukuu wangu nusura anitie dhambini. Kuni zilikuwa zimeloa, chapati zilikuwa zinangoja moto, naye kwa ile bidii yake ya kijana wa mjini akaingia kwenye ghala langu la mahindi, akatoka amekumbatia sanduku la mbao lenye tundu la mviringo upande mmoja. Mkono wa pili alikuwa na shoka.

"Shosh, hii kitu imeisha kabisa. Si niipasue tuwashe moto?"

Nilimfokea hadi kuku wakatawanyika. Nikamwambia aweke chini, hiyo si kuni, huo ni mlango. Akaligeuza sanduku, akalitazama tundu, kisha akanitazama mimi, nami nikaona anajiuliza kama uzee umeshanipanda kichwani. Basi nikamkalisha kwenye kigoda nikamsimulia, na wewe nakusimulia vilevile. Watu waliouona mlango huo ukiwa mlango tumebaki wachache, na baadhi yetu tukiitwa hatusikii mpaka tuguswe bega.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ambayo sisi wa Embu tuliiita imanjensi na kuimaliza hapo. Baba yangu alikuwa seremala, na Jumapili alikuwa besi ya kwaya. Walimchukua akiwa kazini, na vumbi la mbao bado liko kwenye nywele zake, wakampeleka kizuizini mahali ambapo hatukuambiwa. Muda si muda tukaamriwa sote tuhame mashamba yetu, tukakae pamoja katika kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, lango likiwa moja tu. Nyumba za zamani zilikuwa zinachomwa. Kila mtu alibeba alichoweza kubeba kabla ya moto kufika.

Mama alibeba mlango. Baba alikuwa ameutengeneza kwa mbao nene za muthaiti, ule mti wa msitu wa mlimani unaonuka kama dawa ya kuchua, na mama aliung'oa kwenye bawaba akaufunga mgongoni kwa kamba ya kupita kwenye paji la uso, kama anavyobeba kuni. Nyanya alibeba mzinga wa nyuki. Yeye alikuwa mzaliwa wa huko chini kwenye ukame, upande wa Kiritiri, ambako mtu anaweza kukosa ng'ombe na akaheshimiwa lakini hawezi kukosa mizinga, na huu ulikuwa wa marehemu babu, umechongwa kutoka gogo moja la muringa. Mimi nilipewa kuku. Askari aliyetusimamia alicheka akauliza kama wanawake hawa hawana sufuria. Sufuria tulikuwa nazo, ziliungua.

Sasa nikuambie habari ya baba na kwaya, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Baba alikuwa na kasoro moja. Wimbo ukiisha, wenzake wote wakishafunga midomo, yeye aliendelea kidogo na noti yake ya chini, kama mtu anayefuta uji wa mwisho kwenye bakuli. Mwalimu wa kwaya alimgombeza kila Jumapili. "Wewe, wimbo umekwisha!" Baba alimjibu kwa upole kabisa, "Kwangu ulikuwa bado." Mimi sikuwa naukumbuka uso wake vizuri, nilikuwa mdogo. Nilichokumbuka ni mgongo wake. Tukitoka kanisani alinibeba huku bado anaimba, nami nilibandika sikio kati ya mabega yake, noti hiyo ikanitetemesha mpaka meno.

Tangu achukuliwe hatukuwa tumepata neno lake hata moja. Wengine walisema yuko Manyani, wengine visiwani. Jirani yetu mmoja alikuwa ameshaanza kumpa mama pole ambayo hakuna aliyeiomba, na alipoona mama haipokei akaanza kumwita mjane. Alimwita hivyo kwa huruma, lakini aliita. Mama hakubishana naye. Alichota maji, alichimba handaki pamoja na wanawake wengine, akarudi nyumbani akapika githeri, na midomo yake ilikuwa imefungwa kama mfuko wa mbegu.

Ndipo Jumapili moja mchungaji akasimama baada ya ibada akasema kwamba alikuwa ameruhusiwa kuzuru kambi moja ya kizuizini. Watu wetu wengi wako huko, alisema, na wana kwaya. Watu wa redio walikuwa wamekwenda na mashine wakainasa. Wimbo wao ungetangazwa Jumapili ya Matawi, alasiri, baada ya taarifa ya habari. Mama alimfuata nje akamuuliza kama alimwona baba. Mchungaji akakunja kofia yake mikononi. Hakuruhusiwa kuuliza majina, alisema, na waliokuwa wamepangwa mbele yake walikuwa wamekonda hata hakuwatambua wote.

Redio tuliyoijua ilikuwa moja, ya jirani mwenye bucha. Bucha yake ilikuwa ng'ambo ya handaki, hatua chache kutoka langoni. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mtoto wa mchanganyiko wa watu wengi, na Kiswahili chake kilinyooka kiasi kwamba sisi tukiongea naye tulijihisi tunatembea peku juu ya kokoto. Redio ilikuwa ya betri kubwa. Lakini askari walipopekua duka lake waliiangusha, na kabati lake la mbao likavunjika vipande vipande. Matumbo yake yalipona kwa rehema za Mungu. Mwenye bucha aliyapanga juu ya rafu, na spika akaitundika kwa uzi kwenye msumari, karibu na mahali anapotundika maini. Ilisema, naam, ila kwa sauti nyembamba ya mtu aliyebanwa pua.

Mama alikwenda kuisikiliza siku iliyofuata. Palikuwa na kwaya fulani inaimba. Alisimama hapo na kifurushi cha nyama mkononi hadi wimbo ukaisha.

"Besi ziko wapi?" akauliza.

"Besi zimekufa na kabati, mama," mwenye bucha akasema. "Mimi habari zanitosha hivyo hivyo."

Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kizingiti muda mrefu. Alisema itaimba soprano, itaimba alto, tutasikia wanaume wa watu, na wetu hatutamsikia hata akiwemo. Nyanya hakuwa anasikia vizuri, homa ilikuwa imeondoka na masikio yake miaka mingi nyuma, kwa hiyo ilibidi nimrudie maneno hayo karibu na shavu. Akaniambia niende nikakitazame vizuri hicho kitu kinachosema, nije nimweleze kilivyo, na nirudi na matumbo ya kupika.

Nilikwenda. Mwenye bucha alikuwa anapasua mbavu na damu inaruka, akaniambia niiondoe spika pale isije ikachafuka. Niliishika kwa pembeni, maana ina karatasi ambayo ukiigusa vibaya imekwisha, na nikaiweka juu ya mdomo wa debe tupu la mafuta. Mtangazaji alikuwa katikati ya neno. Sauti yake iliingia ndani ya debe ikatoka na kifua. Mwenye bucha aliacha shoka lake hewani. Nikaiinua, sauti ikawa nyembamba. Nikaiweka, ikanenepa. Debe lenyewe lilikuwa linatetemeka na kupiga kelele zake za bati, lakini chini ya kelele hizo palikuwa na mwanamume anayeongea. Nilikimbia nyumbani bila yale matumbo niliyotumwa.

"Inataka tumbo," nikamwambia nyanya. "Inataka tumbo la mbao!"

Nyanya akacheka hadi akashika mbavu. Tumbo la mbao alikuwa nalo nyuma ya nyumba.

Kwetu mwanamke hapandi mzingani. Ni mwiko, na mizinga ni mali ya wanaume tangu kuchongwa mpaka kuvuna. Mama alimkumbusha. Nyanya akajibu kwamba yeye hapandi popote, mzinga uko chini, na wanaume wenye mwiko wao wakitaka kuja kulalamika waje, atafurahi kuwaona. Akauburuta juani akaufukiza moshi, akaukwangua ndani. Tulipanga tuzibe upande mmoja kwa kifuniko chake, na upande wa pili tukaze spika. Ingekuwa kazi ya siku mbili, na Jumapili ilikuwa bado mbali.

Kosa alilofanya nyanya lingefanywa na mtu wa kwao tu. Alipomaliza kuukwangua, mikono yake ikaendelea yenyewe na kile alichozoea kuona. Akayeyusha nta, akaupaka mzinga wote ndani, akausugua na majani ya kunukia, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuona mzinga ukiachwa mkavu. "Mzinga mkavu ni aibu," alisema. Ukabaki juani ukauke. Siku ya pili, saa za mchana, tulisikia kitu kama lori kwa mbali. Kabla hatujajua ni nini, kundi zima la nyuki lilikuwa limefunika ukuta wa nyuma, na jirani wa pole alikuwa anakimbia kuelekea langoni na unga mikononi.

Waliingia mzingani wote. Walipendezwa.

Mama alitaka kuwafukiza watoke. Nyanya akamshika mkono. Nyuki akija mwenyewe ni mgeni, alisema, na katika kijiji hiki tulicholetwa kama mbuzi, hawa ndio wa kwanza kuja kwa hiari yao. Sikuwahi kumwona mama akimkasirikia mama mkwe wake, lakini siku hiyo alimgeuzia kisogo, akaingia ndani akabamiza mlango. Baadaye kidogo tukasikia anaufungua, anaubamiza tena. Kisha ukafunguliwa polepole, mama akatokea, akaupiga ubao kwa kifundo cha kidole akitega sikio. Ulitoa sauti nene.

"Nipeni nyundo," akasema.

Nyanya alisoma midomo yake akafikiri amesoma vibaya. Mlango ule ndio uliokuwa kazi ya mwisho ya mikono ya baba tuliyobaki nayo. Mama aliugonga ukatoka kwenye bawaba bila kusita, akaulaza chini, na kwa kipande cha mkaa akaanza kuupima. Msumeno wa baba ulikuwepo, mama aliufunga pamoja na mlango na vyombo vingine vichache vya useremala wakati wa kuhama, kisha akauficha ndani ya godoro la majani. Mbao za muthaiti ni ngumu. Aliukata ule wa kwanza, akaukata wa pili, na harufu ya baba ikajaa nyumba nzima. Nililia, siwezi kukuficha. Mama hakulia, alisema tu nishike vizuri, ubao unacheza.

Asubuhi yake homgadi, mwenyeji aliyepewa bunduki na serikali apambane na wapiganaji wa msituni, alipita akaona nyumba wazi.

"Mlango wa hii nyumba uko wapi?"

"Nimeukata," mama akasema.

"Umetoa mlango ndiyo watu wa msitu waingie?"

"Watu wa msitu sijawaona. Ninyi ndio huja, na mkija hambishi hodi. Sasa nimewapunguzia kazi ya kuupiga mateke."

Wanawake waliokuwa karibu walijifanya wanatafuta kitu chini. Mama akapewa adhabu ya kuchimba handaki peke yake, upande wa mawe, mpaka Jumamosi jioni. Alikwenda na jembe lake. Alipogeuka alituonyesha vidole, hivi na hivi, urefu na upana, ili tusisahau vipimo.

Kwa hiyo sanduku hilo tulilijenga nyanya na mimi, kizee asiyesikia na mtoto asiyejua kupigilia msumari. Gundi tulichemsha wenyewe. Mwenye bucha alitupa kwato na vipande vya ngozi, tukavipika siku nzima mpaka vikawa uji wa kahawia, na kwa uvundo wake jirani akauliza tumempika shetani yupi. Tundu la spika tulilitoboa kwa chuma cha moto, nukta baada ya nukta kuzunguka duara nililolichora, kisha nyanya akaligonga katikati kwa patasi likaanguka kama kifuniko cha chungu. Nilijipiga nyundo kidoleni mara zisizo na idadi. Kila nilipotaka kukaa chini, nyanya alinielekeza kwa kidevu mahali ambapo mama alikuwa, mbali kule handakini, mgongo ukipanda na kushuka. Nikainuka.

Nyufa zilibaki. Tulishika kibatari ndani ya sanduku, tukaona mwanga unachungulia kila pembe. Hapo nta ya nyanya ikapata kazi yake halali, akaikanda na kuipachika kwenye kila mwanya. Nikamuuliza, na nyuki wakija tena? Akasema wakija tena watakuta mwenye nyumba.

Jumamosi jioni mama alirudi, viganja vyake vimechubuka hata hakuweza kushika kijiko. Alilizunguka sanduku. Akalipiga kwa kifundo. Akatoa msumari mmoja niliopigilia kombo, akaurudisha kwa unyoofu, damu yake ikabaki kwenye ubao. Doa hilo mjukuu wangu alidhani ni kutu.

Siku ya Matawi mama alilifunga mgongoni kwa kamba ileile iliyobeba mlango. Langoni homgadi alitia mkono wake tunduni hadi begani, akatafuta, akatoa mkono mtupu wenye harufu ya nta. Buchani palikuwa pamejaa wanawake. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ambaye hakujua yuko wapi, na hata jirani wa pole alikuja, kumbe na yeye alikuwa na kaka. Mwenye bucha alikaza spika kwa mikono yake mwenyewe, akaomba Mungu wake kwa sauti ndogo, akawasha. Taarifa ya habari ilitoka kifuani mwa sanduku letu nene hata mwenyewe akarudi nyuma hatua moja.

Kisha wakaimba.

Sitakuambia ulikuwa wimbo gani. Soprano waliimba wanaume kwa sauti za kuigiza, alto vilevile, na chini yao besi zikaja kama mkongojo wa mzee kwenye sakafu. Zilikuwa nyingi. Mama alifumba macho akakunja uso, anatafuta, na nikaona hampati. Ubeti wa kwanza ukaisha, wote wakanyamaza pamoja. Wa pili hivyo hivyo. Jirani akamgusa mama bega. Nyanya, ambaye hakuwa anasikia chochote, alijipenyeza akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya ubao.

Ubeti wa mwisho ukaisha. Wakanyamaza. Na mmoja hakunyamaza. Noti moja ya chini iliendelea yenyewe, bila haraka, mpaka kwa mbali mtu akakohoa kwa hasira karibu na mashine.

Nyanya aliukamata mkono wangu akaubandika pale palipokuwa na kiganja chake. Mbao zilikuwa zinatetemeka. Niliujua mgongo huo.

"Huyu hapa," nyanya akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Mwanangu huyu hapa!"

Na mama, ambaye hatukuwa tumesikia kicheko chake tangu tuhame, alicheka akipiga meza ya nyama kwa viganja vyake vibovu. "Hajaacha! Wamempeleka kote huko na hajaacha!"

Tulilala nyumba ile bila mlango, mkeka umening'inizwa tu, na sikumbuki kama niliwahi kulala vizuri namna hiyo. Hakuna aliyemwita mama mjane tena.

Baba alirudi, lakini baadaye sana, tulipokuwa tumeanza kuruhusiwa kurudi mashambani. Alisimama mbele ya nyumba akautazama mkeka, akauliza mlango wake uko wapi. Mama akamwonyesha. Alilichunguza sanduku kila kona, akanisifu kwa misumari yangu yote isipokuwa mmoja, na huo mmoja ulikuwa wa mama. Kisha akatengeneza mlango mwingine. Lakini vumbi la machimbo ya huko lilikuwa limekaa kifuani mwake. Jumapili ya kwanza alisimama mahali pake kwenye kwaya, akafungua mdomo, na kikatoka kikohozi. Hakurudia. Aliimba kwa midomo mpaka alipofariki. Yaani besi ya baba, ile yenyewe, mara ya mwisho iliimba ndani ya mlango wake buchani, karibu na maini.

Siku hizi handaki limefukiwa, wamepanda majani ya ng'ombe juu yake. Bucha ni kibanda cha kutuma pesa. Sijasikia harufu ya gundi ya kwato tangu nilipokuwa msichana, na wanaochonga mizinga kwa gogo zima la muringa hata Kiritiri ni wa kutafutwa. Nyuki wa nyanya walikaa tukavuna asali, kisha siku moja wakaondoka bila kuaga, kama walivyokuja.

Mjukuu wangu alilirudisha sanduku ghalani akalifunika gunia. Jioni niliona kuni kavu jikoni na sikuuliza amezitoa wapi. Kesho yake kanisani alisimama nyuma yangu na wenzake, na wimbo ulipoisha na watu wote wakaanza kukaa, mimi sikukaa. Huwa sikai upesi, ni mazoea, waumini wamenizoea. Huwa nangoja kidogo. Basi nikiwa nimesimama hivyo, peke yangu kama kawaida, nikasikia mtu nyuma yangu anaivuta noti ya chini, vibaya, amekosa ufunguo kabisa, na mzee wa kanisa amemgeukia kwa macho makali, naye anaivuta tu.